Binti Yako Anapotaka Kutibu Mifugo

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wapo wazazi wanaopata huzuni kubwa. Binti hakuchaguliwa kwenda kidato cha tano, na ndugu wanaanza kusema, "Sasa mtafutie mume." Ikitokea binti mwenyewe anasema anataka kutibu ng'ombe na kuku, wengine hucheka. Mama mpendwa, usicheke. Hii ni kazi ya heshima, nayo inafanana sana na yetu sisi wauguzi.

Msaidizi ni nani?

Daktari wa mifugo husoma chuo kikuu, kama kile cha Sokoine kilichopo Morogoro, kwa miaka mitano. Msaidizi wake husoma muda mfupi zaidi. Kwa utaratibu wa Tanzania, cheti cha awali huchukua mwaka mmoja, astashahada mwaka wa pili, na stashahada mwaka wa tatu. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo una kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri na kwingineko. Sifa za kujiunga hutangazwa kila mwaka, na anayefaulu biolojia na kemia ana msingi mzuri.

Anafundishwa nini?

Atajifunza viungo vya mwili, magonjwa, dawa, lishe, uzazi na usafi wa nyama. Mengi hujifunza kwa mikono. Atajua kumfunga mnyama bila kumuumiza, kumpima joto (ng'ombe mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39), kusafisha kidonda, kuchemsha vyombo vya upasuaji, na kupaka tone la damu kwenye kioo ili litazamwe kwa darubini. Kwa njia hiyo ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, hutambuliwa kabla ndama hajafa.

Hufundishwa pia mipaka yake. Muuguzi hafanyi upasuaji mkubwa peke yake, na msaidizi wa mifugo hali kadhalika. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka wataalamu hawa waandikishwe na Baraza la Veterinari.

"Si kazi ya wanaume?"

Ng'ombe hashindwi kwa nguvu, bali kwa kamba, kibanio na utulivu. Tena, katika nyumba nyingi kuku na mbuzi wako mikononi mwa mama. Mama huyo atamweleza binti mwenzake mambo ambayo hangemwambia mwanamume mgeni. Chanjo ya mdondo ni tone moja tu katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Lakini vijijini kuku wengi hufa kwa kukosa mtu wa kulidondosha tone hilo. Kuku hao ndio daftari na sare za watoto.

Afya ya nyumba nzima

Yapo magonjwa yanayotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu: kichaa cha mbwa, kimeta, na ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao mtu huupata kwa maziwa mabichi au kwa kushika kondo la nyuma bila glavu. Msaidizi huwaeleza wafugaji wachemshe maziwa. Huwaonya pia wasinywe wala kuuza maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Aliyeumwa na mbwa huambiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Kabla hujalipa ada

Hakikisha chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la elimu ya ufundi, NACTVET. Cheti cha chuo kisichosajiliwa kitamnyima ajira. Uliza kama kuna mifugo na maabara ya kufanyia mazoezi. Mnunulie buti za mpira na koti la kazi. Mweleze ukweli pia: ataamshwa usiku, atachafuka, na wanyama wengine watamfia mikononi.

Akihitimu anaweza kuomba kazi halmashauri, machinjioni, katika kliniki za mifugo au mashamba ya maziwa. Ukiona bado ana hamu, mtafute mtaalamu wa mifugo wa kata yenu umwombe afuatane naye kwa wiki mbili. Baada ya hapo mkae, baba, mama na binti, mkaamue pamoja.