Polima Inayojua Kuchagua

Tukisikia taka za nyuklia, wengi wetu tunawaza fueli iliyokwisha kutumika. Mimi mtu wa kemia naomba tuyatazame mabomba. Maji yanayozunguka kwenye kinu huchukua kobalti kidogo kutoka kwenye vyuma; ikipigwa na nyutroni inageuka kobalti-60, kisha inaganda ndani ya mabomba. Fundi anayeingia kufanya matengenezo ndiye anayekula mionzi.

Mabomba huoshwa kwa kemikali, lakini zinatoka na chuma kingi na kobalti kiduchu. Resini za kawaida zinabeba vyote, zinajaa upesi, nazo zinageuka taka za kuzikwa.

Ndipo wanakemia wakaja na ujanja: polima inaundwa ikiwa imezizunguka ayoni za kobalti, halafu ayoni zinatolewa kwa asidi. Yanabaki matundu yenye umbo lake. Kobalti inanasa, chuma kingi kinapita.

Tusidanganyane, polima haiui mionzi. Kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya takribani miaka 5 na robo, upende usipende. Faida ni kwamba mzigo wa kuulinda miaka yote hiyo unakuwa mdogo.