Je, Wajua? Afriti wa Mchezoni na Simba wa Vugha

Je, wajua kuwa Ifrit, jitu la moto linaloitwa vitani na wachezaji wa Final Fantasy, ni afriti yule yule wa masimulizi ya Kiarabu? Aliingia katika mfululizo huo wa Kijapani wa michezo ya video mwaka 1990, katika toleo la tatu. Mwita viumbe hutumia akiba yake ya uchawi, afriti hutokea, huwamwagia maadui moto, kisha hutoweka.

Bahamut naye, samaki mkubwa anayesimuliwa kuibeba dunia, katika Final Fantasy ni joka!

Usambara nayo, milimani kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ina kiumbe wake wa masimulizi: simba. Wasambaa husimulia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, aliyeota meno ya juu kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa nuksi. Alikimbilia milimani na mbwa wake, akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akagawa nyama kijiji kwa kijiji. Usiku mmoja akamuua simba. Watu wakampa jina la mnyama huyo na kumtawaza mfalme huko Vugha, kusini mwa mji wa Lushoto. Hakumwita simba: aligeuka simba mwenyewe, na hilo, kwa kweli, linapita ubunifu wa michezo mingi.

Warithi wake waliitwa Simba Mwene, wakaaminiwa kuwa na uwezo wa kuita mvua au kuizuia. Kimweri ye Nyumbai, mashuhuri kati yao, alifariki mwaka 1862. Abdallah bin Hemedi aliyaandika yote hayo kwa Kiswahili katika kitabu Habari za Wakilindi, yaani ukoo wa Mbegha. Mtengenezaji wa michezo anayetafuta kiumbe kipya aanzie humo.