Kweli au Si Kweli: Kidonge Kikishamezwa Huenda Wapi?

“Dawa ya kichwa huenda kichwani.” Si kweli. Kidonge hakijui unaumwa wapi. Kikifika tumboni huyeyuka, kisha sehemu kubwa ya dawa hufyonzwa na utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu. Damu hiyo hupitia kwanza kwenye ini, na kuna dawa ambazo hupungua sana hapo kabla hazijafika popote. Kinachosalia huzunguka mwili mzima, kuanzia ubongo hadi vidole vya miguu.

Chukua ibuprofeni uliyomeza kwa ajili ya goti. Huzuia kimeng’enya kinachotengeneza kemikali za maumivu na uvimbe, lakini kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Goti linapata nafuu huku tumbo likipoteza kinga yake. Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo anapoambiwa asiitumie, asidhani mfamasia anambania.

“Sindano ina nguvu kuliko vidonge.” Mara nyingi si kweli. Sindano ya mshipani hufika haraka kwa sababu haisubiri kufyonzwa na utumbo bali huanzia kwenye damu yenyewe, na humfaa aliyezimia, anayetapika kila kitu, au mwenye malaria kali. Insulini nayo huchomwa kwa kuwa tumbo lingeisaga kama linavyosaga nyama. Lakini dawa inayofyonzwa vizuri na utumbo, kama amoksilini, hufika kwenye damu kwa kiasi cha kutosha bila sindano. Kumwomba daktari “anichome tu” wakati unaweza kumeza ni kujiongezea maumivu na hatari ya jipu bila faida.

“Maziwa huua dawa.” Hapa jibu linategemea dawa yenyewe, na ndipo watu wengi wanapoumia. Kwa doksisaiklini na siprofloksasini, ni kweli. Kalisi iliyomo kwenye maziwa hushikamana nazo tumboni, na kilichoshikamana hivyo utumbo hauwezi kukifyonza vizuri. Vidonge vya madini ya chuma na baadhi ya dawa za kiungulia hufanya vivyo hivyo. Ukimeza kwa maji na kuacha saa chache katikati, umemaliza tatizo.

Kwa dawa mseto ya malaria, ile ya artemetha na lumefantrini, mambo ni kinyume kabisa. Lumefantrini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Watu wazima wenye afya walipopimwa baada ya kula mlo wenye mafuta mengi, kiasi kilichoingia kwenye damu yao kilikuwa takriban mara 16 ya kile cha walioimeza na njaa. Mtoto mwenye homa hataki kula, tunajua. Lakini kikombe cha maziwa, uji uliotiwa karanga, au kuendelea kunyonya kunaweza kuamua kama dawa hiyo itafika kwa vimelea au itapita tu na kutoka. Inasikitisha kuona mama akimnyima mwanawe maziwa kwa nia njema, siku ileile ambayo maziwa ndiyo yanahitajika.

“Homa ikishuka, dawa imemaliza kazi.” Si kweli, na mseto huohuo ndio ushahidi. Artemetha hushambulia kwa kasi, ndiyo maana mgonjwa huinuka siku ya pili, lakini nusu yake huwa imetoka kwenye damu ndani ya saa mbili hivi. Lumefantrini hukaa siku kadhaa, ikisafisha vimelea vilivyosalia. Dozi sita katika siku tatu zimepangwa ili lumefantrini ipande hadi kiwango cha kuvimaliza. Vidonge vinavyobaki kabatini “kwa ajili ya safari nyingine” ndivyo vilivyokuwa vya kufagia mabaki.

“1x3 ni asubuhi, mchana na jioni.” Si kweli kwa antibayotiki ya kila baada ya saa 8. Ukimeza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, umeacha saa 12 nzima usiku. Nusu ya amoksilini huondoka kwenye damu kila baada ya saa moja hivi, zaidi kwa njia ya mkojo, na bakteria hufa pale tu dawa inapokaa juu ya kiwango fulani kwa muda wa kutosha. Jaribu saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku.

“Maumivu yakizidi, ongeza vidonge.” Si kweli. Kwa parasetamoli, mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wenye ugonjwa wa ini au miili dhaifu huhitaji pungufu. Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, kisha huizima kwa akiba yake. Akiba ikiisha, sumu hula ini lenyewe, na dalili huweza kuchelewa siku nzima au zaidi. Soma pia dawa yako ya mafua, kwa sababu nyingi tayari zina parasetamoli ndani.

“Dawa moja inaweza kuifukuza nyingine.” Kweli tupu. Rifampisini ya kifua kikuu huliamsha ini litengeneze vimeng’enya vingi zaidi, navyo huvunja homoni za vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti kabla hazijafanya kazi. Mwanamke anaweza kushika mimba bila kukosa kidonge hata kimoja. Athari hiyo huendelea wiki kadhaa baada ya kumaliza rifampisini. Kitanzi cha shaba, kwa kuwa hakitegemei homoni, hakiguswi nayo, kwa hiyo swali la uzazi wa mpango liulizwe siku ileile matibabu ya kifua kikuu yanapoanza.