Cheti cha Bioteknolojia Kitoke Maabarani

Mwalimu wa shule ya upili nchini Kenya husajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) akiwa amehitimu katika ualimu na katika masomo mawili ya kufundisha. Kwa Biolojia, utaratibu huo umetufaa. Je, kwa bioteknolojia unatosha?

Taaluma hii si ngeni kwetu. Maziwa lala ni kazi ya vijidudu, na miche ya migomba isiyo na magonjwa hukuzwa maabarani kutokana na tishu. Hata hivyo, mtu aweza kuhitimu akiyajua hayo vitabuni tu. Serikali ilipopiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO mwaka 2012, kisha ikaondoa marufuku hiyo 2022, wanafunzi walistahili maelezo yenye ushahidi, si uvumi.

Dawa si kujenga chuo kipya. Mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, uliwanoa walimu wa sayansi na hisabati waliokuwa tayari kazini. Tuifuate njia hiyo: mafunzo mafupi wakati wa likizo, na mtihani wa mikono. Atakayetoa DNA ya ndizi kwa chumvi, sabuni na spiriti baridi, na kueleza kila hatua, ndiye apewe cheti.

Gharama nayo ibebwe na serikali. Walimu walilalamika mwaka 2021 walipotakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kwa mafunzo ya kazini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.