Miswada ya Kale na Somo la Kusoma

Mwalimu-mwanafunzi aelezwapo kwamba Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imehifadhi miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, huenda akadhani kuwa hayo ni mambo ya wanazuoni, wala hayalihusu darasa lake. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba miswada hiyo yaweza kumfunza mwalimu wa shule ya msingi jambo kubwa juu ya kusoma.

Orodha ya miswada hiyo, kazi ya J. W. T. Allen, ilichapwa mjini Leiden mwaka 1970. Yafaa kuangalia kwamba orodha hiyo haikutaja karatasi peke yake, bali kanda za sauti pia. Kwa nini sauti ihifadhiwe pamoja na maandishi?

Kiswahili kina irabu tano, lakini Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi. Kwa hiyo waandishi wengi wa zamani walitumia alama moja kwa *i* na *e*, na moja kwa *u* na *o*. Tena, Kiarabu hakina herufi ya *p*. Mara nyingi *b* ilishika nafasi yake. Msomaji aliyeona neno moja ilimpasa kuamua kama ni *pata* au *bata*. Aliyemwongoza ni maana ya sentensi, mizani ya shairi, na sauti aliyokwisha kuisikia kwa wakubwa wake.

Jambo hili laweza kufundishwa hata mahali palipo mbali na maktaba. Mwalimu aandike ubaoni:

1. Juma anach–ma mahindi jikoni.
2. Juma anach–ma machungwa mtini.

Watoto waseme irabu inayokosekana, kisha waeleze wamejuaje. Ndipo watakapotambua kwamba kusoma si kutamka herufi tu, bali ni kufikiri.

Mwalimu apatapo nafasi ya kuwapeleka wanafunzi kwenye hazina ya namna hiyo, atangulie yeye kuomba ruhusa na kuchagua miswada michache. Awafundishe kunawa na kukausha mikono, kutumia penseli badala ya wino, na kutolowesha kidole kwa mate wafunuapo kurasa. Wautazame pia mwisho wa mswada, maana pengine mnakili ameandika hapo jina lake na tarehe ya Hijra.

Lakini kuna tahadhari moja. Nyumba nyingine za pwani zingali zina karatasi za namna hii. Mwalimu asiwaagize watoto wazilete shuleni: karatasi iliyosalimika kwa mchwa na unyevu miaka mingi yaweza kuharibika ndani ya mkoba siku moja. Bora amwendee mwenyewe kwa adabu, aombe kusomewa, na akikubaliwa aandike anayoyasikia. Maana karatasi ikibaki na msomaji wake akatutoka, tutakuwa tumehifadhi nusu tu ya kitabu.