Ofisi haina lifti? Kazi imenifuata Kimamba!

Leo sina stori ya mapenzi. Nakupa yangu mwenyewe, huenda ikamsaidia mshikaji wako anayetembelea magongo kama mimi.

Kwetu ni Kimamba, wilayani Kilosa. Kijana hapa atalima, ataingia mashamba ya mkonge au ataendesha bodaboda. Zote zinataka miguu, na wangu wa kulia hauna nguvu tangu utotoni.

Niliwahi kuitwa kwenye usaili Morogoro mjini. Ofisi ghorofa ya tatu, lifti hakuna! Nilipanda ngazi moja moja, nikafika natweta kama nimefukuzwa na simba wa Mikumi. Bwana mkubwa aliangalia magongo, vyeti hakuvifungua. "Tutakupigia." Mpaka leo! Na wala sikuwa naomba hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu.

Basi, nikageukia intaneti. Mwanzoni niliingizwa mjini. Jamaa aliniahidi kazi ya kuchapa, akataka "ada ya usajili" sh. 30,000. Nikamtumia kwa simu, akazima yake. Pesa yenyewe ya mama, kauza mahindi. Nililia, sikufichi.

Kazi ya kweli ilikuja baadaye. Nasikiliza sauti zilizorekodiwa kwa Kiswahili, naziandika neno kwa neno. Mteja hajui nimekaa au nimesimama. Anachokagua ni nukta na mkato. Siyo utajiri, jamani. Kuna miezi mikavu, na umeme ukikatika au bando likiisha, umelala. Lakini deni la mama nimelipa.

Unataka kuanza? Jifunze kuchapa kwa vidole vyote. Huna kompyuta? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Muone ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

La mwisho: tovuti kama Upwork hukata chao kwenye malipo yako. Lakini mwajiri akikudai ada ya ajira kabla hujagusa kazi, huyo tapeli. Kimbia, hata kwa magongo!