Mtoto Mdogo Ndiye Mshika Nairuzi

Watu wakizungumzia kudumu kwa mila huwataja wazee kwanza: ndio wanaojua, ndio wanaokumbuka, na wakiondoka husemwa kwamba mila zimeondoka nao. Maneno hayo yana ukweli, lakini yanaacha nusu ya jambo. Mzee anaweza kujua kila kitu na mila ikafa naye, ikiwa hapakuwa na mdogo aliyeishika kwa mikono yake tangu hajajua hata maana yake. Ushahidi ulio wazi uko Uajemi, yaani Iran, katika Nairuzi, mwaka mpya unaoingia pamoja na majira ya machipuko, tarehe 20 au 21 Machi, mchana na usiku vinapolingana. Sikukuu hii ilikuwapo kabla Uislamu haujafika nchi hiyo, na mizizi yake imo katika zama za dini ya Zarathustra. Imepita chini ya wafalme na makhalifa, ikawapita Wamongolia, ikayapita mapinduzi ya Kiislamu ya mwaka 1979, na hadi leo ndiyo sikukuu inayosimamisha shughuli za Iran kuliko nyingine yoyote. Hoja yangu ni kwamba imedumu hivyo kwa sababu mtoto wa miaka mitatu au minne ana kazi yake katika kila hatua ya sikukuu hiyo, na kazi hiyo hawezi kuifanya peke yake, ila pamoja na mama, baba, bibi na babu.

Kazi ya kwanza huanza wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe. Nyumba nzima iko katika usafi mkubwa ambao Waajemi huuita kutikisa nyumba: mazulia yanafuliwa, mapazia yanashushwa, makabati yanatolewa kila kilichomo. Katikati ya pilikapilika hizo mtoto hupewa konzi ya ngano au adesi. Nafaka hulowekwa, hutandazwa kwenye sahani, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na kila siku hunyunyiziwa maji kidogo. Maji yakizidi, nafaka huoza, yakipungua, hukauka. Adesi huwahi kuota na ngano huchelewa, kwa hiyo familia hupiga hesabu ya siku ili majani yawe yamesimama mwaka unapoingia. Desturi hii ni ya kale sana. Mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni, aliyeandika kuhusu kalenda za mataifa kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, alieleza kwamba watu walikuwa wakiotesha aina saba za nafaka na kutazama ukuaji wake ili kubashiri mavuno ya mwaka. Leo hakuna anayebashiri mavuno kwa sahani ya jikoni katika jiji la Tehran. Kilichobaki ni lile somo la chini kabisa, ambalo mkulima wa zamani na mtoto wa ghorofani wanalipata sawasawa: kitu hai hakiharakishwi, na asiyekiangalia leo hatakiona kesho.

Usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka huja moto. Familia na majirani huwasha vichaka vikavu uani au mtaani, na watu huruka juu ya ndimi za moto huku wakiuomba uwaondolee ugonjwa na weupe wa uso, uwape uhai na wekundu wake. Mtoto mdogo haruki juu ya moto mkubwa. Huwekewa wake, mdogo, mara nyingi makaa yanayokaribia kuzima, na hushikwa mikono yote miwili. Mahali desturi ya zamani inapoendelea, watoto hujitanda shuka au chador, wakagonga bakuli kwa vijiko kwenye milango ya jirani, na mwenye nyumba huwatilia karanga, zabibu kavu na peremende bila kutakiwa kuwatambua. Tukiyatazama mambo hayo mawili pamoja tunaona jamii ikimfundisha mtoto hofu na ukarimu kwa usiku mmoja. Moto anaujua kwa joto lake akiwa mikononi mwa anayemwamini, na jirani anamjua kwa mlango unaofunguka. Mafunzo hayo yakitolewa kwa maneno matupu humfikia mtoto wa miaka minne kama makatazo tu, naye huyasahau kabla jua halijachwa.

Kisha huja kitambaa cha Nairuzi, kinachotandikwa chini au mezani na kupangwa vitu saba ambavyo majina yake ya Kiajemi huanza na herufi moja, sin: majani yaliyoota, uji mzito wa ngano iliyochipua, tunda kavu la senjed, kitunguu saumu, tufaha, sumaki na siki. Wengine huongeza sarafu na ua la sonbol lenye harufu nzuri. Kuna kioo, mishumaa, samaki mdogo mwekundu katika bakuli la maji, mayai yaliyopakwa rangi, na kitabu, ambacho katika nyumba nyingi ni Kurani na katika nyingine ni diwani ya Hafez au Shahnameh ya Ferdowsi. Kuyapaka mayai rangi ni kazi ya mtoto. Rangi ikienda upande haimkasirishi mtu. Sahani yake ya majani sasa ina mahali pake mbele ya ukoo mzima. Na wote husubiri pamoja dakika ambayo jua linavuka ikweta, kwa kuwa mwaka wa Waajemi huingia dakika hiyo, saa yoyote itakayokuwa. Mwaka 2023 uliingia saa saba kasoro dakika sita usiku kwa saa za Iran. Mwaka 2024 saa 12:36 asubuhi. Mwaka 2025 saa 6:31 mchana. Kwa hiyo kuna miaka mtoto huamshwa usingizini, akavalishwa nguo mpya, akakalishwa mbele ya mishumaa huku macho mazito. Kalenda hii ilirekebishwa mwaka 1079, enzi za Sultani Malik Shah, na wanajimu ambao Omar Khayyam alikuwa miongoni mwao, na usahihi wake unasifiwa hadi leo. Mtoto hajui lolote kati ya hayo. Anajua kwamba watu wake wote walinyamaza pamoja, wakangoja kitu kilichotoka angani, kisha wakakumbatiana.

Baada ya hapo ukoo hupangwa upya mbele ya macho yake. Ziara huanza kwa aliye mkubwa kuliko wote, babu au bibi, kisha kwa wajomba, mashangazi na ami kufuata umri, na wakubwa nao hurudisha ziara kwa wadogo. Kila nyumba ina sinia la matunda, karanga na vitamu, na kila mkubwa humpa mtoto mkono wa sikukuu, noti mpya isiyokunjwa, ambayo mara nyingi hutolewa katikati ya kurasa za Kurani. Kwa siku chache mtoto ameshajua nani ni nani katika ukoo, nani aamkiwe kwanza, na kwamba hata mkubwa ana wajibu kwa mdogo. Uzito wa jambo hili kwa mtoto umeonyeshwa vizuri katika sinema ya Jafar Panahi ya mwaka 1995, The White Balloon, ambayo mswada wake uliandikwa na Abbas Kiarostami na ambayo ilipata tuzo ya Caméra d'Or huko Cannes. Hadithi yote ni ya msichana wa miaka saba anayetaka samaki wa kuweka kwenye kitambaa cha Nairuzi, akapoteza noti ya kumnunulia katika wavu wa chumba cha chini, saa ya mwaka mpya ikiwa inakaribia. Hakuna vita wala kifo humo, na bado mtazamaji hushikwa na wasiwasi, kwa sababu sinema inakubali jambo ambalo mila yenyewe imelikubali zamani: kazi ya mtoto ni kazi kweli.

Siku ya 13 hukamilisha mzunguko. Shule zimefungwa tangu mwaka mpya, na siku hii karibu hakuna anayebaki ndani, kwa kuwa kukaa nyumbani siku ya 13 huonwa ni mkosi. Familia huenda mandari mabondeni, kandokando ya mito, na kwa wakazi wa mijini katika bustani za umma. Hubebwa sufuria za supu nzito ya tambi, maharage na mboga, na saladi ya majani hutowezwa katika shira ya siki na nanaa. Baba hucheza mpira, bibi hukaa kivulini akisimulia, wasichana hufunga mafundo ya majani mabichi wakiomba heri. Na mtoto hubeba sahani yake hadi penye maji yanayotiririka, akayaachia yale majani aliyoyaotesha. Mara nyingi hilo humtia uchungu, na uchungu huo ndio funzo la mwisho: alichokilea kwa wiki tatu au nne hakikuwa cha kuwekwa milele. Kalenda rasmi ya Iran huitaja siku hii kuwa siku ya maumbile, lakini maana hiyo mtoto ameshaipata kwa miguu yake iliyotota matope.

Nguvu ya mpangilio huu huonekana zaidi pale dola ilipojaribu kuizuia Nairuzi. Katika Muungano wa Kisovieti, Nairuzi ya watu wa Asia ya Kati ilikandamizwa kwa miongo mingi, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 ikarudi viwanjani ikiwa nzima. Wakurdi wa Uturuki walikatazwa kuisherehekea kwa muda mrefu, na moto wao haukuzimika. Taliban waliifuta Nairuzi nchini Afghanistan katika utawala wao wa 1996 hadi 2001, na waliporudi mwaka 2021 waliiondoa tena katika orodha ya sikukuu za taifa. Waafghani wameendelea kuloweka matunda makavu ya aina saba majumbani. Iran penyewe, baada ya 1979, baadhi ya viongozi wa dini waliutazama moto wa Jumatano kama mabaki ya imani za kale, nao moto ukaendelea. Polisi anaweza kufunga uwanja na waziri anaweza kufuta likizo, lakini sahani ya ngano dirishani pa jikoni, inayonyunyiziwa maji na mtoto na bibi yake, ni vigumu kuipigia marufuku. UNESCO ilipoiingiza Nairuzi katika urithi wa binadamu mwaka 2009, na Umoja wa Mataifa ulipoitambua 21 Machi kuwa siku yake mwaka 2010, taasisi hizo zilikuja kuthibitisha kitu ambacho jikoni na nyua zilikuwa zimeshakiokoa.

Kuna wanaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Wa kwanza husema mila hizi zina madhara: samaki wadogo wekundu hufa kwa wingi katika mabakuli, na usiku wa moto umegeuka usiku wa baruti na fataki zinazounguza na kupofusha. Madhara hayo ni ya kweli. Lakini tazama yanakotoka. Fataki hushamiri pale moto unapotoka mikononi mwa familia ukabaki kwa vijana peke yao mtaani. Aliye na mtoto mdogo mkononi harushi baruti. Na kuhusu samaki, familia nyingi sasa huweka chungwa likielea katika bakuli la maji, na kitambaa hakikupungua kitu. Mila yenye nafasi ya mtoto hurekebishika, kwa kuwa kazi yake ikibadilishwa bado inabaki kazi. Wa pili husema mkono wa sikukuu huwafunza watoto tamaa ya fedha. Ingekuwa hivyo kama noti ingetumwa kwa simu na mambo yakaishia hapo. Noti ya Nairuzi hupatikana kwa kwenda, kuamkia, kukaa na kusikiliza, na aliyeitoa atarudishiwa ziara. Fedha ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika shughuli hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo zito: kwamba yote haya ni michezo, na kazi halisi hufanywa na wakubwa, hasa wanawake, wanaochoka kwa kufua, kupika na kupokea wageni. Sehemu ya pili ya maneno haya ni haki, na familia zinazompa baba zulia la kufua na kaka sinia la kupitisha zinaifanyia Nairuzi wema mkubwa. Sehemu ya kwanza siikubali. Mchezo ambao ukoo mzima unaungoja umekwisha kuwa wajibu. Sahani ya mtoto ikioza, pengo lake litaonekana kwenye kitambaa, naye atajua kwamba ni lake.

Kwa watu wa pwani yetu jambo hili si la mbali. Nairuzi ilivuka bahari zamani, na mabaharia na wakulima wa Uswahilini waliitumia kuhesabu miongo ya mwaka, yaani vipindi vya siku kumi kumi. Kwa kuwa mwaka huo ulikuwa wa siku 365 bila kuongezwa siku, ulihama polepole, na ndiyo sababu Makunduchi, kisiwani Unguja, huusherehekea Mwaka Kogwa mwezi Julai, kwa mapigano ya migomba na kuchomwa kwa kibanda cha makuti. Lakini hesabu ya miongo sasa wanaijua wachache, na kuoga mwaka baharini alfajiri kumetoweka katika miji mingi iliyokuwa ikikufanya. Tumezoea kuilaumu televisheni, simu na shule. Tungeanza na swali lililo karibu zaidi: katika mila tunayoitaka idumu, mtoto wa miaka minne anafanya nini? Jibu likiwa ni kwamba anatazama, basi tumpe kitu cha kubeba, cha kumwagilia, cha kupeleka kwa bibi yake, na tuanze mwaka huu, kabla hatujaandaa kongamano lolote la kuhifadhi utamaduni.